Aliyelinda Giza: Historia ya Marehemu Bi Komeo

Ndugu waombolezaji, majirani zetu wapendwa, wafanyakazi wenzake marehemu, na ninyi wachache mlioketi nyuma ambao familia bado inajiuliza mnahusiana naye vipi, nyote karibuni, na kwa niaba ya familia mdogo wake marehemu, yule anayemfuata kwa kuzaliwa, atawasomea historia ya maisha ya dada yake, historia ambayo, tofauti na nyingi mlizozoea kuzisikia, imekaguliwa na marehemu mwenyewe, kwa sababu hakuamini kwamba tungeisema kama ilivyokuwa. Alitaka asomewe akiwa kitandani wodini, akasimamisha usomaji kwenye neno "mpole" na kuuliza nani ameliweka, na lilipofutwa akasema tuendelee. Kwa hiyo mtakayoyasikia ameyapitisha yeye, isipokuwa sehemu ya mwisho kabisa, ambayo hakupata nafasi ya kuikagua, na hilo tunaamini linamuudhi hadi sasa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne wa marehemu baba yetu, aliyekuwa msoma mita za umeme, na mama yetu, mshonaji wa sare za shule, katika nyumba ya vyumba viwili yenye ukumbi mwembamba, cherehani ya mama upande huu na baiskeli ya baba upande ule. Shangazi yetu, aliyekuwepo siku hiyo, amerudia tena leo asubuhi kwamba mtoto alitoka macho wazi, akamkodolea mkunga kama mtu anayetaka kuonyeshwa kitambulisho, na ingawa familia haikubaliani na shangazi kwa mengi, kwa hili hatuna pingamizi. Baba alikuwa akirudi jioni na habari za mita zilizochezewa, waya uliopitishwa nyuma ya kabati, lakiri iliyofunguliwa ikabandikwa upya, na wakati sisi wengine tulivunjika mbavu kwa kicheko, yeye aliuliza baba alijuaje, naye baba akamweleza kwamba mita iliyochezewa huwa safi kuliko za jirani, maana kuna mkono unaoishika mara kwa mara. Maneno hayo yalimkaa, na tangu hapo kitu kisafi mno kilimtia wasiwasi.

Alianza elimu ya msingi mwaka 1973 na kuimaliza mwaka 1979, katika shule iliyokuwa nyuma ya karakana ya magari, ambako alijulikana kwa jambo moja ambalo wanafunzi wenzake, wawili kati yao wapo hapa, hawajamsamehe hadi leo. Akiwa darasa la sita alirudishiwa mtihani wa hesabu akiwa amepata tisini na sita, akautazama, akaupeleka kwa mwalimu na kumwambia kwamba alama hizo ni nyingi mno, kuna mahali pana kosa, na mwalimu alipopitia upya akakuta kweli kuna kosa, akampunguzia, kisha kwa kuwa alikwisha kuingiwa na shaka akakusanya mitihani ya darasa zima na kuisahihisha tena. Walioshuka walikuwa wengi. Aliendelea na elimu ya sekondari kuanzia mwaka 1980 hadi 1985, akajiunga na chuo kikuu mwaka 1987, akatunukiwa shahada ya kwanza ya biolojia mwaka 1990 na ya pili mwaka 1992, na katika sherehe zote mbili aliomba aonyeshwe cheti chake kabla ya kuitwa jina, asije akapewa cha mwingine mbele za watu.

Tarehe 3 Agosti 1992 aliajiriwa kuwa mtafiti katika maabara ya macho ya wadudu, ghorofa ya pili, mwisho wa ukumbi mrefu uliopakwa rangi ya mafuta hadi usawa wa bega, ambako siku zote palinuka hamira na unga wa mahindi uliochemshwa, kwa maana hicho ndicho chakula cha nzi. Kwa wale wasioijua kazi yake, na alituagiza tuieleze vizuri kwa kushuku kwamba tungesema tu alifanya kazi na nzi tukapita, marehemu alichunguza jicho la yule nzi mdogo wa matunda mnayemwona juu ya ndizi iliyoiva kupita kiasi. Jicho hilo limeundwa na vijicho vidogo mamia, kila kimoja kina seli chache za kupokea mwanga, na kila seli imefunikwa na utando mwembamba, na kilichomshangaza ni kwamba utando huo ni mmoja, hauna mshono, na bado umegawanyika maeneo, eneo moja limejikunja kuwa maelfu ya vidole vidogo sana vilivyobanana, ambavyo ndivyo vinavyodaka mwanga, na kando yake kuna eneo jingine laini, lisilo na kidole hata kimoja, na mpaka kati yao haupotei maisha yote ya nzi.

Nani anaulinda mpaka ule, hilo ndilo swali aliloondoka nalo nyumbani kila asubuhi na kurudi nalo kila jioni. Jibu, kadiri alivyolipata yeye na wenzake wengi duniani, ni kwamba chini ya utando kuna kiunzi cha protini, nyingine zimesimama ndani ya vidole kama nguzo za hema, nyingine zimetandazwa mithili ya wavu chini ya lile eneo laini, na zikikosekana vidole hulala, maeneo huchanganyika na nzi hupofuka. Miongoni mwa protini hizo ilikuwepo moja aliyoipenda kwa namna yake ya kupenda, yaani aliishuku kuliko zote, akaipa jina la Bawabu, kwa sababu gizani husimama kwenye shina la vidole, imeushikilia utando na milango yake midogo ya kupitishia ishara kwenye kiunzi, na mwanga ukiingia huachia, ikaondoka lindoni na kujichanganya huko ndani ya seli. "Huyu anatoroka kazini mchana kweupe," alituambia siku moja mezani, akiwa ameshika kijiko hewani, "na mimi nataka nijue anapotoka, mpaka anamwachia nani."

Ili kumkuta Bawabu akiwa lindoni, nzi ilibidi walelewe katika giza tupu, na kwa kazi hiyo lilikuwepo kabati la chuma lililopakwa rangi nyeusi ndani, mlango wake ukifungwa kwa komeo la kuzungusha, ndani ya chumba kidogo kilichowashwa taa nyekundu tu, kwa kuwa mwanga mwekundu nzi huyo karibu hauoni. Nzi wa marehemu walikuwa wale wenye macho meupe, wasio na rangi ya kuwakinga, ambao hata mwanga kidogo tu, ambao nzi mwingine asingeujali, huwapenya moja kwa moja. Basi alilinda giza lile kama wengine wanavyolinda mlango wa benki, alifunga kabati, akalielekeza komeo chini, akauvuta mlango mara mbili, akatoka, akarudi akauvuta tena, na ndiyo maana pale kazini wakamwita Bi Komeo, jina ambalo kwanza lilimkera, kisha akaanza kuliitikia.

Mwaka uliofuata aliajiriwa mtafiti mwingine, akapewa benchi moja naye, mtu wa maneno machache na hatua za taratibu ambaye wenzake walimwita Shwari, na hapa tunaomba utulivu, kwa sababu sehemu hii ndiyo aliyoisikiliza kwa makini kuliko zote. Shwari alikuwa mtu pekee pale kazini aliyeruhusiwa kunywea kikombe cha marehemu, wakibishana kutwa kucha juu ya picha za hadubini, na mama yetu alikwisha kuwapangia ndoa kichwani, ambayo haikuwa. Siku moja mwezi Machi 1996 marehemu aliingia chumba cha taa nyekundu asubuhi akakuta komeo limeelekea juu. Nzi walikuwa salama, picha zilitoka vizuri, hakuna kilichopungua wala kuharibika, ila komeo lilikuwa limeelekea juu. Akamuuliza Shwari kama amefungua kabati, na Shwari akajibu, "Mimi? Sijafungua," na marehemu aliona jibu hilo limetoka haraka mno kwa mtu wa aina yake.

Akatabasamu, na wanaomjua wanajua tabasamu lile lilikuwa na maana gani. Alishuka chini kwenye chumba cha ufundi, akamkuta fundi wa vifaa vya umeme, kijana mmoja mwenye miwani iliyofungwa waya pembeni, akamwomba amtengenezee kifaa cha kuhesabu kila mara mlango wa kabati unapofunguliwa, kikae ndani, kisionekane, na fundi alipouliza kiweje akamjibu, "Weka chochote utakacho, mradi mwizi asipite." Fundi akakitengeneza, akakifunga kwenye pembe ya ndani ya kabati, na alipokuwa anaondoka akaufungua mfuko wake wa vifaa mwenyewe, bila kuombwa, akamwonyesha kwamba hajachukua kitu. Marehemu aliwahi kumwambia mama kwamba hapo ndipo moyo wake ulipoanza kumwelekea kijana yule.

Ndani ya wiki chache mambo yaliharibika. Nzi waliotakiwa kuwa wamekaa gizani walianza kuonyesha macho ya nzi waliokaa kwenye mwanga, Bawabu hayupo lindoni, ametawanyika ndani ya seli, na katika baadhi yao vidole vimeanza kulegea, na marehemu akatazama picha hizo, akamtazama Shwari, akajua, au alidhani anajua. Shwari alimwambia kwamba huenda Bawabu ana sababu nyingine za kuondoka ambazo wao hawajazijua, na kwamba jambo hilo linafaa kuchunguzwa, na marehemu akaona mtu anayetaka kumwelekeza mbali na mlango. Kile kifaa kilihesabu mara zile tu alizofungua yeye mwenyewe, wala haikuzidi hata moja, na mtu mwingine angepumua kwa hilo, lakini yeye alikumbuka mita za baba zilizo safi kuliko za jirani, akahitimisha kwamba huyu si mwizi wa kawaida, huyu amejua mpaka namna ya kukipita kifaa.

Tarehe 20 Februari 1997 kiliitishwa kikao ofisini kwa mkuu wa maabara, madirisha yamefungwa, picha zimepangwa mezani, na marehemu alizungumza kwa ufasaha ambao hata wasiompenda waliusifu. Shwari aliposimama alisema hajawahi kuharibu nzi wa mtu, na alipoulizwa kama amewahi kulifungua kabati lile akanyamaza kidogo, akasema hapana, na ule unyamavu ndio uliomchongea. Mkataba wake haukuendelezwa. Aliondoka na sanduku la vitabu, akapita ukumbi ule mrefu milango ikiwa imeachwa wazi kidogo ili watu wachungulie, na marehemu akalitoa lile dude la kuhesabu kwenye kabati, kwa kuwa hakukuwa tena na wa kumlinda, na nzi wakapona. Giza likarudi kuwa giza, Bawabu akarudi lindoni, picha zikatoka safi, na pale kazini hapakubaki mtu mwenye shaka, kwa maana ushahidi gani tena ulitakiwa kuliko huo. Kazi aliyoichapisha mwaka 1999 kuhusu mpaka wa utando ilimletea heshima kubwa, akapandishwa cheo, na kwenye mikutano watu walisimama alipoingia.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 18 Aprili 1998 na yule fundi, shemeji yetu aliyeketi hapa mbele, baada ya uchumba ambao kwa kweli ulikuwa uchunguzi, kwani alimuuliza kwa nini amemchagua yeye, akayaandama majibu yake hadi kwa wajomba zake, akaenda kumwona mama mkwe bila taarifa ili akute nyumba ilivyo, na aliporudi akasema nyumba ilikuwa na fujo, amefurahi sana. Hadi siku ya mwisho alimwita Fundi, naye akamwita mama watoto, hata kabla hawajapata mtoto. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 9 Novemba 1999, ambaye leo ni mpima ardhi, na kijana aliyezaliwa tarehe 27 Mei 2002, mpishi wa hoteli, na wote wawili wanakumbuka kwamba katika nyumba yao homa haikuwa homa mpaka mama aipime kwa vipimajoto viwili. Aliwapenda mno. Binti yake amesema leo tuseme hivi, kwamba mama alikuwa anauvuta mlango wa chumba chao mara mbili baada ya kuwafunika, na kwamba hadi leo hapati usingizi mpaka asikie mlango ukivutwa mara mbili.

Afya yake ilianza kuzorota mwezi Septemba 2022, akagundulika kuwa na shinikizo la damu lililokwisha kuziathiri figo, akastaafu kwa ruhusa ya daktari mwezi Januari 2023, na tangu hapo akawa anasafishwa damu hospitalini na kurudi nyumbani kulala. Alipoona dawa zake zinaisha mapema kuliko alivyotarajia, alimshuku kwanza dada wa kumhudumia, kisha jirani anayemletea supu, kisha mdogo wake huyu anayesoma, na mwisho akamwambia mumewe akitafute kile kifaa cha zamani, kilichokuwa kwenye droo pamoja na kumbukumbu za harusi, akifunge ndani ya kabati la dawa chumbani. Shemeji alikifunga, kwa sababu ndoa yao ilianza na kifaa hicho na hakuona ubaya. Dawa, tuliseme hili ili watu watulie, zilikuwa zinaisha kwa sababu daktari alikuwa ameziongeza.

Kabati lile la chumbani lilikuwa la mbao, na mbao zake zilikuwa zimepinda kwa unyevu, mlango ukaacha ufa mwembamba. Mwezi Machi mwaka huu, alasiri moja, mapazia yakiwa yameshushwa kwa sababu kichwa kilimuuma, marehemu alikuwa amelala ubavu akilitazama kabati, na kwenye ule ufa akaona mstari wa kijani. Alimwita dada wa kumhudumia afungue mlango, mstari ukatoweka, akamwambia afunge, ukarudi, akamwambia afungue tena, na dada akadhani mgonjwa anaanza kuchanganyikiwa. Kisha akamwita mumewe.

Yaliyosemwa pale, mdogo wake aliyasikia, maana alikuwa amesimama mlangoni na chai. "Fundi," alimwambia, "kwenye hicho kifaa kuna taa?" "Ipo," akasema shemeji, "ndogo, kama punje ya mtama." "Inawaka lini?" "Mlango ukifungwa, ndiyo alama kwamba kiko kazini, na ukifungua inazima." Marehemu akauliza, "Na kule kwenye kabati la nzi?" Shemeji akavua miwani. "Ni hicho hicho, mama watoto. Uliniambia niweke chochote." Basi ndugu zangu, kwa karibu mwaka mzima, katika kabati lenye giza lililolindwa kuliko lolote, taa ya kijani ilikuwa ikiwaka kila mlango ulipofungwa na kuzimika kila mlango ulipofunguliwa, hapana jicho la mtu lililoweza kuiona hata mara moja, na walioiona ni nzi wa macho meupe peke yao, nao walisema ukweli kwenye kila picha, ila hawakuwa na namna ya kusema mwanga ulitoka wapi. Ilipotolewa wakapona. Marehemu aliyaelewa yote palepale, akageukia ukutani, akalia, na hatukuwahi kumwona akilia hata alipozikwa baba.

Aliagiza Shwari atafutwe. Familia, tuseme kweli, haikutaka, tulihofu mtu aliyeonewa hivyo atakuja na nini moyoni, na binti alipendekeza tumpigie simu tu, lakini marehemu akasema kwenye simu hawezi kuona uso. Alipatikana anafundisha biolojia katika shule ya sekondari ya mji mwingine, hajaoa, amenyoa nywele zote, na tarehe 6 Aprili alikuja na shati lililopigwa pasi vizuri sana, akakataa kiti cha karibu na kitanda, akaketi kile cha mlangoni. Mdogo wake marehemu aliusimamia mfuko aliokuja nao, na ndani yake, kwa taarifa yenu, mlikuwa na sweta tu.

Marehemu alimweleza kila kitu, komeo, kifaa, taa, kikao, bila kujitetea, akasema, "Nilikuondoa kazini kwa taa niliyoiweka mimi, na naomba radhi hata kama huipokei." Shwari alisikiliza hadi mwisho, akakunja mikono ya shati, akaikunjua, na sote tulisubiri aseme amesamehe au aondoke. Akasema, "Lakini kabati nililifungua." "Mara moja," akasema, "kabla ya hicho kifaa. Nilipita asubuhi, nikafungua nikidhani chupa zangu zimechanganywa humo, nikakuta chupa yako moja imelala, nzi wananasa kwenye chakula, nikaisimamisha, nikafunga. Kwa taa nyekundu, mimi si mjinga. Labda komeo sikulirudisha sawa."

Marehemu, ambaye wiki nzima hakuweza kuinuka bila kushikwa, aliinuka mwenyewe. "Lilielekea juu," akasema. "Mimi huwa nalielekeza chini." "Sawa, lilielekea juu," akasema Shwari. "Nilijua," akasema marehemu, "nilijua, nilijua," akaanza kucheka, akacheka mpaka shemeji akataka kumwita daktari, na Shwari naye akaanza kucheka kidogokidogo pale mlangoni, machozi yanamtoka, na hatukujua ni ya nini. Alipotulia akamuuliza kwa nini hakusema siku ile kikaoni, na Shwari akamjibu kwa sauti yake ileile ya chini, "Ningesema nimefungua mara moja, wewe ungeamini ni mara moja?" Marehemu, ambaye hakuwa mtu wa kujibu ili kumfurahisha mtu, akasema, "Nisingeamini." Shwari akasogeza kiti chake karibu na kitanda, akaletewa chai, na marehemu akasema apewe kwenye kikombe chake.

Tangu siku hiyo alikuja kila alipopata nafasi, wakabishana juu ya Bawabu kama zamani, na marehemu akampigia simu mkuu wa sasa wa maabara, akamsimulia, na mkuu huyo, ambaye yupo hapa, ametuahidi mbele ya familia kwamba uamuzi wa mwaka 1997 umefutwa na sababu zake zitawekwa wazi, nasi tumemwomba baada ya historia hii aje ayarudie hayo kwenye kipaza sauti hiki, si kwamba hatumwamini, ila dada angetaka hivyo. Marehemu aliagiza mambo mawili yasomwe hapa bila kupunguzwa. La kwanza, kwamba Shwari hakuharibu nzi, hakuharibu hata mmoja, na aliyemwonea ni yeye, Bi Komeo, mbele ya watu, na kwa hiyo anamsafisha mbele ya watu. La pili, kwamba kabati alilifungua.

Hali yake ilibadilika ghafla tarehe 8 Juni 2024, akalazwa, na siku ya Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, akafariki dunia akiwa na umri wa miaka hamsini na minane, mumewe ameshika mkono mmoja na binti yake mwingine. Ameacha mume, watoto wawili, mama, wadogo watatu, nzi wake walio kule maabara, na mtu mmoja ambaye sisi hatukujua tumwite nani kwenye orodha ya wafiwa, hadi mama yetu aliposema aandikwe ndugu.

Familia inatoa shukrani za dhati kwa madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, hasa muuguzi aliyekubali kila siku kumsomea kilichoandikwa kwenye chupa ya dripu kabla ya kuitundika, na siku moja akakuta kweli si yake. Tunamshukuru jirani wa supu, na tunamwomba radhi, na dada aliyemhudumia, naye pia. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa maabara waliokuja na basi zima, na wale walioketi nyuma, ambao sasa tumeambiwa ni wanafunzi wa Shwari, wamemsindikiza mwalimu wao, karibuni sana, sogeeni mbele.

Jambo la mwisho ni lile ambalo hakulikagua. Katika siku zake za mwisho alisema jeneza lake lisifungwe na watu wa mazishi, ambao hawajui, bali lifungwe na Shwari, kwa kuwa katika watu wote aliowahi kuwajua ndiye pekee ambaye mkono wake juu ya komeo aliweza kuutambua. Tunamwomba ndugu yetu apite mbele sasa. Makomeo yapo mawili, upande wa kulia, na marehemu alisema safari hii uyaelekeze chini.

Pumzika, dada yetu, pumzika kwa amani katika giza lisilo na taa hata ya punje ya mtama, nasi kabla ya kuondoka tutakivuta kifuniko mara mbili.